Deni la Desemba, Mshahara wa Januari: Kadi ya Mkopo Wakati wa Sikukuu

Kadi ya mkopo humwezesha mtu kununua leo kwa fedha za benki na kulipa siku iliyopangwa mbeleni. Hapo ndipo inapoachana na kadi ya kawaida ya ATM, ambayo hukata fedha za mwenyewe papo hapo. Kwa macho kadi hizo mbili ni mamoja: ukubwa uleule, chipu ileile, nembo ya Visa au Mastercard pembeni, na mashine ya dukani huzipokea zote bila kubagua. Tofauti hujitokeza wiki kadhaa baadaye, benki inapotuma taarifa ya mwezi. Kwa mnunuzi wa vitu vya sikukuu, taarifa hiyo humkuta Januari.

Mpango huu si wa jana. Diners Club ilianza kutoa kadi yake New York mwaka 1950, lakini mwenye kadi hiyo alitakiwa kulipa deni lote kila mwezi. Septemba 1958 Bank of America ikatuma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, ambao hata hawakuziomba. Jambo jipya katika kadi za Fresno lilikuwa ruhusa ya kulipa kidogo na kulisogeza mbele deni lililobaki, kwa riba. Kadi za leo, ziwe zimetolewa Nairobi, Dar es Salaam au Minneapolis, bado zinaendeshwa kwa mpango huo, na benki hupata faida nzuri kwa mteja anayesogeza deni kuliko kwa yule anayelipa lote kwa wakati.

Afrika Mashariki wenye kadi ya mkopo bado ni wachache; walio wengi hukopa kwa simu. Hata hivyo mkopo wa simu hufuata kanuni zilezile, tena kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo mengi yanayoihusu kadi yanamhusu pia anayekopa kwa simu.

Ugumu wa sikukuu hautokani na Krismasi peke yake. Unatokana na miezi miwili inayofuatana. Desemba ina nauli za kwenda nyumbani, ambazo Kenya hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia kwa wasafiri wa kutoka Nairobi kwenda Kisumu, Kakamega au Busia. Tanzania nako kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hufurika wanaokwenda Kilimanjaro. Mtu haendi kwao mikono mitupu: kuna kilo za mchele na sukari, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama, nguo za watoto, na nyama ya siku yenyewe. Januari inapoingia, shule zinafunguliwa. Kenya kalenda ya masomo iliyovurugwa na korona ilirudi kuanza Januari mwaka 2023, na karo, sare na vitabu vikarudi kugongana na deni la Krismasi. Tanzania shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha sita, lakini sare, viatu, madaftari na mkoba havijawahi kuwa bure.

Waajiri wengi hutoa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya Krismasi. Hilo hupokewa kwa furaha, na ni haki ya mfanyakazi kufurahi, lakini maana yake ni kwamba mshahara unaofuata uko takriban wiki sita mbele. Ndiyo sababu mitaa ya Nairobi ina mwezi unaoitwa Njaanuari.

Kwa hiyo bajeti ya sikukuu huandikwa kuanzia Januari na kurudi nyuma. Ichukuliwe familia yenye mshahara wa shilingi 60,000 za Kenya kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 15,000. Karo na vifaa vya shule vitachukua 18,000. Nauli ya kurudi kutoka nyumbani ni 4,000, na chakula pamoja na nauli ya kwenda kazini ni 16,000. Jumla ni 53,000. Zinabaki 7,000, na hizo 7,000 ndizo zote ambazo kadi inaweza kubeba katika sikukuu bila kuacha deni, hata kama benki imeweka kikomo cha 100,000. Kikomo ni hesabu ya benki kuhusu kiasi inachoona salama kukopesha. Hakijui karo ya mtoto, wala hakijui kwamba mama mkwe anategemea kuletewa kitu.

Jambo la pili ni kalenda ya kadi, na wengi wanaoingia kwenye deni hawajawahi kuelezwa inavyofanya kazi. Kila kadi ina siku ya kufunga hesabu za mwezi na siku ya mwisho ya kulipa. Benki hutangaza siku 45, 50 au 55 zisizo na riba, na mteja hudhani kila kitu anachonunua kinapata siku hizo zote. Sivyo. Tuseme hesabu hufungwa tarehe 15 na malipo yanatakiwa tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Kitenge kilichonunuliwa tarehe 14 Desemba huingia kwenye taarifa inayofungwa kesho yake, na lazima kilipwe tarehe 5 Januari, siku 22 tu baadaye. Kitenge hichohicho kikinunuliwa tarehe 16 Desemba husubiri taarifa ya tarehe 15 Januari na kulipwa tarehe 5 Februari, siku 51 baada ya kununuliwa. Bei haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni kwamba deni la kwanza linadaiwa katikati ya ukame wa Januari, kabla mshahara haujaingia, na la pili linadaiwa baada ya mshahara.

Siku hizo zisizo na riba zina sharti. Kwa kadi nyingi hutolewa kwa mteja aliyelipa taarifa iliyotangulia yote, bila kubakiza. Aliyebakiza hata sehemu ya deni la Novemba huenda akaanza kutozwa riba kwa kila anachonunua Desemba tangu siku ya kununua. Hapo kadi imekoma kuwa njia ya kuahirisha malipo kwa siku chache. Imekuwa mkopo wa bei ghali. Anayeingia Desemba na deni la zamani kwenye kadi ni afadhali aiache nyumbani.

Riba yenyewe huandikwa kwa namna inayohadaa macho. Kadi inayotoza asilimia 3 kwa mwezi inaonekana ya kawaida, lakini riba ikizaa riba kwa miezi 12 hufika karibu asilimia 43 kwa mwaka. Kisha kuna kiasi cha chini cha kulipa, ambacho huchapishwa kwenye taarifa na kusomwa na wengi kama vile ndicho wanachodaiwa. Turudi kwa familia ya mshahara wa 60,000. Ikiwa ilivuka zile 7,000 na kutumia shilingi 40,000 kwa kadi, na benki inataka angalau asilimia 5 ya deni kila mwezi, malipo ya kwanza ni shilingi 2,060. Yanalipika. Familia ikiendelea hivyo kwa mwaka mzima bila kununua kingine chochote kwa kadi hiyo, itakuwa imelipa karibu shilingi 22,000, na deni litakuwa limeshuka kutoka 40,000 hadi takriban 30,800. Zaidi ya shilingi 12,800 zimekwenda kwenye riba. Krismasi ya pili imefika, na nguo zilizonunuliwa kwa deni hilo zimeshawabana watoto.

Familia hiyo ikijibana na kulipa 7,000 kila mwezi badala ya kiasi cha chini, deni linakwisha mwezi wa saba, na riba yote haizidi shilingi 4,600. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba Marekani iliiwekea sheria. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kadi za mkopo inayozilazimisha benki kuandika kwenye kila taarifa muda ambao mteja atachukua kumaliza deni akilipa kiasi cha chini tu. Sheria hiyo inazitaka pia zimpe mteja angalau siku 21 kati ya kutumiwa taarifa na siku ya kulipa. Ni ulinzi ambao mteja wa benki popote anastahili. Asipoandikiwa hesabu hiyo, kikokotoo cha simu kinatosha kuifanya.

Swali linalofuata ni kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua mshahara wake, huvuka bajeti mara tu anaposhika kadi. Watafiti wawili wa MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio walilofanya kwa mnada wa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu wa Boston Celtics. Nusu ya washiriki waliambiwa watalipa taslimu, nusu kwa kadi. Waliotarajia kulipa kwa kadi walitaja bei iliyozidi mara mbili ya ile ya wenzao. Tiketi zilikuwa zilezile. Noti inapotoka mfukoni mtu huona mfuko ukipungua; kadi hurudi mfukoni ilivyotoka.

Katika masoko ya kwetu kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kariakoo, Gikomba na Marikiti bei hushuka kwa maneno na kwa fedha taslimu. Mnunuzi huuliza, hulalamika kidogo, huondoka hatua tatu, huitwa. Kwenye vibanda vingi vya masoko hayo hakuna mashine ya kadi, kwa hiyo mwenye kadi huvutwa kuelekea supamaketi na maduka makubwa ambako bei imebandikwa na haijadiliwi. Viatu vya watoto vilivyonunuliwa kwa kadi ili kukusanya pointi za benki vinaweza kuwa ghali kuliko vile vilivyojadiliwa sokoni, na pointi hizo mara nyingi hazifiki thamani ya riba ya mwezi mmoja. Kwa kipato kidogo, nguo na viatu ni vya fedha taslimu na sokoni. Kadi ibaki kwa vitu vyenye bei isiyobadilika na ambavyo vingenunuliwa hata bila sikukuu, kama unga, mafuta, sabuni au tiketi ya basi inayokatwa mtandaoni.

Ofa za Novemba nazo zina lao. Ijumaa ya punguzo la bei, iliyozaliwa Marekani katika siku inayofuata sherehe yao ya Shukrani, imeingia Kenya kupitia maduka ya mtandaoni na imeenea hadi kwenye supamaketi. Bei ya zamani iliyokatwa mstari ni maelezo ya muuzaji mwenyewe. Anayetaka kujua kama punguzo ni la kweli hana budi kuwa ameiandika bei ya kitu hicho mwezi wa Oktoba. Na kitu kikiuzwa kwa dola kutoka nje, benki huibadilisha bei hiyo kuwa shilingi kwa kiwango chake yenyewe na kuongeza asilimia yake, hivyo bei iliyoonekana kwenye skrini siyo itakayoonekana kwenye taarifa.

Kosa ghali kuliko yote ni kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo. Kwenye ATM kadi hizi hutoza ada ya kutoa, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila zile siku zisizo na riba. Jambo hili linawagusa sana Waswahili wanaoishi ughaibuni. Desemba ndipo simu kutoka nyumbani huongezeka, na programu za kutuma pesa hukubali kadi kwa kubofya mara moja. Baadhi ya benki huhesabu malipo hayo kama kutoa fedha taslimu. Dola 200 zilizotumwa Mombasa kwa moyo mweupe zinaweza kuzaa ada ya benki na riba ya tangu siku ya kwanza, ambavyo mpokeaji hatavijua kamwe. Akaunti ya benki au kadi ya kawaida hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Mkopo wa simu unastahili kutazamwa kwa makini kuliko kadi, maana hauhitaji hata mtu aende dukani. Fuliza ilianza Kenya Januari 2019, na kwa wateja wa Vodacom Tanzania ipo Songesha. Huduma hizi hujaza pengo pale salio linapopungua wakati wa kulipa. Gharama yake kwa Kenya ni asilimia 1 ya kiasi kilichokopwa pamoja na ada ya kila siku inayopangwa kwa viwango, kwa hiyo deni likikaa gharama huongezeka. Kinachowashtua wengi ni namna deni linavyolipwa. Fedha yoyote inayoingia kwenye simu hukatwa kwanza. Dada akituma shilingi 1,000 za dawa ya mama, huduma hujichukulia chake kabla mpokeaji hajagusa chochote, na kwa mwenye kipato kidogo hilo humrudisha kukopa jioni hiyohiyo. Wakati wa sikukuu mtu hukopa mara nyingi kwa viasi vidogo: nauli ya boda, soda za wageni, muda wa maongezi. Kila mkopo una ada yake, na ni rahisi kupoteza hesabu ya jumla. Anayetumia huduma hizi aandike jumla hiyo mwenyewe kwenye daftari, kila siku.

Kwa Waislamu wa pwani, Visiwani na ughaibuni sikukuu ni Idi, na mzigo wa ununuzi huangukia siku za mwisho za Ramadhani, hasa nguo za watoto. Hapo kuna hoja nzito kuliko hesabu, kwa kuwa riba ni haramu. Benki zinazofuata sharia, kama Gulf African Bank ya Kenya na Amana Bank ya Tanzania, hazitozi riba. Kadi ya mkopo ya benki isiyofuata sharia ikilipwa yote kabla ya tarehe ya mwisho haitozwi riba, lakini mkataba wake bado unaitaja, na wanazuoni wanatofautiana juu ya kuutia saini. Swali hilo ni la kumuuliza mwanazuoni, kabla ya kujaza fomu.

Kadi ya mkopo ina faida moja ya kweli ambayo fedha taslimu haina. Bidhaa iliyonunuliwa mtandaoni isipofika, au ikifika imevunjika, mwenye kadi anaweza kupinga malipo kupitia benki yake, na kanuni za Visa na Mastercard zinaruhusu fedha zirudishwe baada ya uchunguzi. Kuna muda maalumu wa kulalamika, kwa hiyo risiti na ujumbe wa muuzaji vitunzwe. Uingereza ulinzi huo uko kisheria: Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 inaibebesha benki wajibu pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Kwa jokofu au simu ya kumpelekea mzazi, ulinzi huo una thamani, mradi fedha za kulilipa deni ziwe tayari zimetengwa. Upande wa pili wa usalama ni msimbo unaotumwa kwa SMS wakati wa kulipa mtandaoni. Anayepiga simu akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki na kuuomba msimbo huo ni mwizi, na msimu wa sikukuu ndio wakati wake wa kazi.

Kupunguza kikomo cha kadi ni hatua ambayo wachache huichukua ingawa ni rahisi. Barua au simu kwa benki mwanzoni mwa Desemba inaweza kukishusha kutoka 100,000 hadi 10,000, na mashine ya dukani itamkatalia mtu kile ambacho yeye mwenyewe, mbele ya watoto na wakwe, asingeweza kujikatalia. Kwa miaka inayofuata, njia bora ni chama au kikoba kinachochanga kila mwezi na kugawana Desemba. Shilingi 1,000 kwa mwezi kuanzia Januari ni 11,000 kufikia Novemba, na hazidaiwi na mtu.

Kwa ambaye ameshazama, kazi ya kwanza ni kuacha kuitumia kadi, na ya pili ni kwenda benki kabla tarehe ya kulipa haijapita. Mteja aliyejitokeza mapema ana nafasi ya kupangiwa upya malipo. Aliyekimbia simu hupata faini ya kuchelewa, kisha jina lake hupelekwa CRB, yaani taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji. Kenya taarifa mbaya ya namna hiyo huweza kubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka mitano hata baada ya deni kulipwa, na kumfuata mtu anapoomba mkopo wa nyumba au wa biashara. Mwenye madeni kadhaa alipe kiasi cha chini kwa yote, na kila shilingi ya ziada aielekeze kwenye lile lenye riba kubwa. Deni likiisha na kadi haihitajiki tena, aombe kwa maandishi ifungwe, kwa sababu ada ya mwaka huendelea kukatwa hata kama kadi imelala kabatini.